Uzoefu wangu: Himeji na Okayama kwa pasi moja ya treni

Ukisema unataka kuona bustani za Kijapani, kila mtu atakuelekeza Kyoto. Nilienda, na sikatai, ni pazuri. Ila Ryoan-ji, ile bustani yenye mawe 15 ambayo popote ukaapo unaona 14 tu, utaanza kwanza kuhesabu visogo vya watu waliokutangulia. Siku iliyonikosha hasa ni ile niliyopanda treni kuelekea magharibi, mji wa Himeji kwanza kisha mji wa Okayama.

Nilitumia Kansai Wide Area Pass, pasi ya treni ambayo niliinunua kwa yeni 12,000 na inafanya kazi siku 5 mfululizo. Piga hesabu mwenyewe: Shin-Osaka, stesheni ya Osaka ya treni za kasi, mpaka Okayama kwa Shinkansen, yaani treni hizo za kasi, ni kama yeni 6,000 kwa safari ya kwenda tu. Ukienda na kurudi, pasi imeshajilipa, na siku zilizobaki ni faida. Ile pasi kubwa ya nchi nzima ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa mtu asiyetoka nje ya eneo la pasi hii ndogo, hiyo ni kumwaga hela.

Angalizo moja. Pasi hii ndogo haikubali Shinkansen kati ya Kyoto na Shin-Osaka, kwa sababu kipande hicho ni cha kampuni nyingine. Wakala wa safari aliniapia kuwa inapita, na geti likanikatalia mbele ya foleni ya watu wanaowahi kazini. Ukiwa Kyoto panda shin-kaisoku, treni ya kawaida inayoruka vituo vingi. Inafika Osaka kwa nusu saa hivi, na ukitulia kwenye kiti inakufikisha Himeji bila kubadilisha.

Himeji hauhitaji ramani. Ukitoka stesheni unaiona ngome mbele yako, nyeupe pee, mwisho wa barabara iliyonyooka kama kilomita moja. Wenyeji wanaiita Ngome ya Yangeyange. Mnara wake mkuu ulikamilika 1609 chini ya bwana wa ngome, Ikeda Terumasa, na bado ni uleule wa mbao: mwaka 1945 bomu liliangukia ngome hii na halikulipuka. Mlangoni unavua viatu, unapewa mfuko wa plastiki, unavibeba mkononi mpaka juu. Ngazi zimesimama wima kiasi kwamba unashuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye reli, mwingine umeshika mfuko wa viatu, na sakafu imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza. Magoti yangu yalilalamika siku mbili.

Jirani yake kuna Koko-en, bustani tisa zilizotengwa kwa kuta. Nilikuwa naidharau kwa sababu ilifunguliwa 1992 tu, lakini imejengwa juu ya viwanja vya makazi ya zamani ya ngome, na kuta zile zinakufanya usijue kona inayofuata ina nini. Nunua tiketi ya pamoja na ya ngome, ni nafuu.

Kutoka Himeji, Shinkansen inakutupa Okayama kwa dakika ishirini hivi. Hapo ndipo utamu ulipo, maana bustani ya Koraku-en ilitengenezwa na Ikeda Tsunamasa, kitukuu cha yule yule Terumasa. Kazi ilianza 1687 ikaisha 1700. Babu mkuu kajenga ngome ya vita, kitukuu kakaa anapanda nyasi! Na ni nyasi kweli, uwanda mpana ambao sikuuona Kyoto, pamoja na shamba la chai, majaruba ya mpunga na korongo wanaofugwa. Ng'ambo ya mto Asahi inasimama ngome ya Okayama, nyeusi, jina lake la utani ni Kunguru. Hiyo iliungua kwa mabomu 1945, ya sasa ni ya zege ya 1966. Itazame ukiwa bustanini, inatosha.

Tafuta kibanda kiitwacho Ryuten. Hakina kuta chini, na kijito kimepitishwa katikati ya sakafu, kina mawe sita ya rangi yaliyopangwa majini. Unavua viatu, unakaa kwenye ubao, maji yanapita mbele ya magoti yako. Ni kati ya majengo machache ya bustani yaliyonusurika vita. Nilipofika palikuwa na bibi mmoja tu, anajipepea.

Njaa ikikuuma, stesheni ya Okayama wanauza matsuri-zushi, wali wa siki wenye samaki na mboga ndani ya kopo la umbo la pichi. Nilikula ndani ya treni, kwenye Shinkansen hakuna anayekuangalia vibaya ukila.

Safari hii naipa nyota nne. Tramu ya Okayama haimo kwenye pasi, na kwa mzee au mama mwenye mtoto mgongoni, ngome ya Himeji ni adhabu. Waache Koko-en, kuna nyumba ya chai mle ndani, wewe panda peke yako.