Nimelipa hela ya daktari, mkono wangu hakuugusa

Nililipa 20,000 ya kumwona daktari, na daktari mwenyewe mkono hakuugusa. Nautaja kwanza huo kwa sababu ndio ulionipeleka. Niliuweka mezani kwake, kiganja juu, nikamwambia, "Dokta, ni huu." Macho yake kwenye kompyuta. Anagonga, anagonga, halafu ananiuliza, "Mama, tumbo linajaa gesi?"

Gesi! Mtu vidole vinakufa ganzi, anaulizwa gesi.

Kliniki siitaji. Ni ya binafsi, iko mjini kati, vigae vinang'aa na mlinzi anakufungulia mlango. Nilikwenda pale makusudi kwa kuwa nilikuwa nimeogopa. Kazi yangu ni kupaa samaki na kuwakaanga. Nachukua sato Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, alfajiri, na tangu hapo kisu hakitoki mkononi, kifundo kimepinda muda wote, vidole vimebana mpini, na samaki wenyewe wametoka kwenye barafu. Masika ya mwaka huu mkono wa kulia ukaanza visa vya usiku. Naamka usiku wa manane vidole vinawaka moto, natikisa mkono mpaka mume wangu ananiuliza kama nafukuza mbu. Nikitikisa, unapoa. Nikilala, unarudi. Mwishowe mchana nao kisu kikawa kinaniponyoka, na vifungo vya blauzi nafungiwa na binti yangu. Wateja wakanishauri, mama wahi, hicho ni kiharusi kinabisha hodi.

Basi nikawahi. Wakanipima malaria, mkojo, presha, sukari na ile typhoid ambayo kila mtu akipimwa "imeonekana kidogo". Yangu nayo ikaonekana kidogo. Nikaandikiwa dawa za typhoid, vidonge vya maumivu na sindano za vitamini B. Nikamuuliza, "Sasa dokta, na vidole?" Akasema damu haizunguki vizuri, nipunguze chumvi, "na umri pia, mama." Nina miaka 44. Kabla sijanyanyuka alishaita mwingine.

Niwe mkweli, mapokezi wana adabu, na yule binti wa maabara anajua kutoa damu, sikusikia hata kidogo. Kwa hao ningewapa nyota tatu. Lakini nikikumbuka zile sindano, makalio yanauma nakaa upande, na ganzi iko pale pale vidoleni, nyota zote zinanitoka moyoni.

Aliyenisaidia ni kijana wa fizio, wale wa tiba ya viungo, kwenye hospitali ya serikali. Chumba chenyewe kiko mwisho wa veranda, kitanda kimepasuka godoro, benchi la kusubiria limejaa. Akanipokea, "Shikamoo mama," akavuta kiti, akauchukua mkono wangu akaushika. Swali lake la kwanza: "Kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikajipima palepale. Hapana, kidole kidogo kizima kabisa. Akanyofoa pamba, akaisokota ikawa uzi mwembamba, akaniambia nifumbe macho niseme "ndiyo" kila nikiguswa. Gumba, cha shahada, cha kati, naguswa nasikia kwa mbali sana. Kidogo, nasikia vizuri. Halafu akaja kwenye kidole cha pete. Upande unaotazama cha kati, kwa mbali. Upande unaotazama kidogo, safi! Kidole kimoja, upande huu umelala, upande huu uko macho. Nilifumbua macho nikamwambia arudie. Akarudia, ikawa vilevile. Kazi yote hiyo ni ya kipande cha pamba, na kule nilikotoa 20,000 pamba ilikuwepo, ndiyo waliyonifutia wakati wa kunidunga.

Akanieleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Chini ni mifupa, juu kuna ukanda mgumu, na katikati zinapita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na mshipa wa fahamu mmoja. Kano zikivimba kwa kazi, anayebanwa ni huyo mshipa. Yeye ndiye analisha gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole kidogo na ile nusu nyingine vinalishwa na mshipa mwingine, ule unaopita nyuma ya kiwiko, ambao ukijigonga mlangoni unapigwa na umeme hadi kidoleni. Kwa hiyo ganzi ikikaa kidole kidogo, mtu anatazamwa kiwiko. Ikishuka kutoka shingoni, na ukigeuza shingo inazidi, inatazamwa shingo. Na kiharusi, akasema, huja ghafla, upande mzima unalegea, mdomo unakwenda kombo, maneno hayatoki vizuri. Hapo mtu akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Hakikai kinaamsha vidole vitatu na nusu kila usiku.

Kisha akaniambia nikutanishe migongo ya viganja, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Haikwisha. Vidole viliwaka kama ilivyo usiku. Alipogonga kifundo kwa ncha ya kidole chake, umeme ukaruka mpaka kwenye cha kati.

Pale benchini nilijifunza mengine, maana wagonjwa tunasimuliana. Kijana mmoja wa Magu alishinda amechuchumaa akipalilia mpunga, aliponyanyuka mguu mmoja haunyanyuki mbele, vidole vinaburuza. Mshipa wake ulibanwa chini kidogo ya goti, upande wa nje, pale mfupa hauna nyama ya kuukinga. Na mama mmoja wa dagaa, paja upande wa nje linaungua na ganzi juu yake. Fizio alimtazama kiunoni tu: "Mayu, hicho kibwebwe kwanza kilegeze." Mshipa wa paja unapita hapo kwenye nyonga, ukikazwa na mkanda unalalamika. Amezunguka na dawa za mgongo muda wote huo!

Mimi nimepewa kifaa cha kufunga kwenye kifundo, kina kibati ndani, navaa nikilala ili mkono ukae umenyooka. Mpini wa kisu nimeuzungushia mpira uwe mnene, nisibane sana. Usingizi umerudi, si kila usiku, lakini umerudi. Hivyo visipotosha, kuna sindano ya kifundoni, na kuna upasuaji wa kukata ule ukanda. Aliniminya mnofu wa chini ya gumba, akasema bado upo, ungekuwa umeanza kuyeyuka asingenirudisha nyumbani na kibati.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoharibika. Fizio alitaka kujua sukari yangu, kwani kisukari huleta ganzi pia, hasa miguu yote miwili kuanzia vidoleni, na mwenye nacho mishipa yake hubanwa kirahisi. Nikatoa cheti cha ile kliniki. Akakisoma, akasema kipimo kimefanywa vizuri, hakuna haja ya kurudia. Kwa hiyo hela yangu haikupotea yote, na hilo linaniudhi zaidi! Kipimo walikuwa nacho, mashine wanazo, binti wa maabara anajua kazi yake, na mbele yao kuna mtu anayeingiza 20,000 kwa kila mgonjwa halafu hanyanyui hata mkono wa mtu.

Daktari, sifuri. Maabara, nne. Nikipata homa nitakwenda tena pale, majibu nayachukua dirishani, naondoka nayo.