Theluji ya dayorama: angalia punje kabla hujatoa pesa

Mwezi huu inbox yangu imejaa picha za dayorama, yaani mandhari ndogo za kujengwa, zenye modeli za T-34 (kifaru cha vita cha Wasovieti), na malalamiko yaleyale: nimenunua theluji bandia ya bei, nimepaka vizuri, mbona bado inakaa feki? Nimeziangalia zote. Gundi imeshika, rangi iko sawa, na modeli zenyewe zimejengwa na watu wananishinda mkono kabisa. Shida ni punje.

Habari ya weupe na kukauka haraka siingii, hiyo imeandikwa kwa kila kopo. Kitu hakuna muuzaji atakwambia ni ukubwa wa punje, na hesabu yenyewe ni ya primari: punje ya milimita 1 kwa skeli ya 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72, ni sentimita 7.2 kwa maisha ya kweli. Huo ni mpira wa tenisi! Askari wako wa Stalingrad amesimama katikati ya mipira ya tenisi halafu unashangaa picha imekataa. Kwa 1/35 punje hiyohiyo ni sentimita 3.5, afadhali kidogo, lakini hiyo bado ni mvua ya mawe.

Na mvua ya mawe tunaijua. Si mnakumbuka Septemba 2008 kule karibu na Nyahururu, mlima ulifunikwa na weupe watu wakatoka mbio kushika theluji, kumbe ni mawe ya mvua yameshikana. Kwa mbali ungekubali, ukikaribia unaona chembe chembe. Sasa dayorama watu huiangalia pua ikiwa karibu kugusa, utamdanganya nani?

Kabla ya kulipa fanya hivi: mwambie muuzaji anyunyize kidogo kwa karatasi nyeusi, aweke rula kando, apige picha ya karibu na simu. Zoom. Kama unaweza kuhesabu punje kati ya mistari miwili ya milimita bila kuumiza macho, achana nayo. Kama picha inaonyesha tu vumbi, hapo mnaweza kuongea bei. Akikataa kupiga picha pia umeshajibiwa.

Namba moja, na sitaki ubishi, ni Snow Microballoons ya AK Interactive, wale wa Uhispania. Microballoons ni vipira vya glasi vilivyo vitupu ndani, vingi havifiki hata milimita 0.1, yaani kwa 1/35 uko chini ya milimita 3.5 na hiyo sasa ndiyo theluji. Changanya na gundi nyeupe ya mbao, maji kidogo na tone la akriliki nyeupe mpaka iwe uji mzito, tandaza na brashi ya zamani, halafu kabla haijakauka chekecha nyingine kavu juu yake kwa chujio la chai, kidogo kidogo, ukianzia upande ambao upepo ungeirundika. Karibu na ekzosi na cheni za kifaru acha iwe nyembamba na upake vanishi ya kung'aa, hapo itakaa imeanza kuyeyuka. Vaa maski tafadhali, hiyo ni glasi na inapeperuka ukipiga chafya tu, usiifungulie kwa meza ya kula watoto wakiwa hapo.

Ya pili ni Scenic Snow ya Deluxe Materials kutoka Uingereza. Unga laini, poa sana kwa paa za nyumba na miti, lakini mimi bado narudi kwa AK.

Ya tatu Valhallan Blizzard ya Citadel, kopo la mililita 24. Inakuja tayari, unapaka tu, na kwa besi za wanasesere wa gemu iko sawa kabisa. Kwa 1/72 sahau, ile chenga yake inaonekana ukiwa umekaa ng'ambo ya meza. Na mililita 24 kwa dayorama ya saizi ya A4 zitaisha hata hujafika barabarani.

Bekingi soda? Inavuta unyevu, na baada ya muda inageuka manjano. Spirei ya Krismasi ya supamaketi iache kwa dirisha.

Sasa wauzaji wetu. Kuna VAT ya 16%, kuna ushuru, kuna usafiri, hayo yote naelewa, mtu hawezi kuuza kwa hasara. Lakini kwa nini kila picha imeandikwa "bei njoo inbox"? Ukienda inbox anaangalia kwanza profile yako, ukiwa umepiga picha Diani bei inapanda, mwenzako aliyeuliza saa hiyohiyo anapewa nyingine. Na kuna hawa wengine wa stoli za tauni wanafungua kopo la bei, wanapima kwa vifuko vidogo bila lebo, hujui ni AK ama ni chokaa ya ukuta. Hebu fikiria umesimamishwa na polisi kwenye matatu usiku na kifuko cha unga mweupe mfukoni, utaanza kueleza 1/35 ni nini?

Kopo likiwa ghali changeni watu watatu, agizeni moja lililofungwa, mgawane wenyewe nyumbani. Microballoons ni nyepesi, gramu chache zinachukua nafasi kubwa, kwa hivyo hakuna atakayekosa. Na bei ulizia hadharani, palepale chini ya picha, ili wengine pia waione.