Mfuko wa kinga njaa: tathmini kutoka shamba la familia Babati

Familia inayolima mahindi na mbaazi katika ekari chache za Babati hupata furaha yake kubwa ya mwaka mwezi wa Agosti, mahindi yanapokuwa yameanikwa uani na watoto wanayapukuchua huku wakiimba, na mara nyingi huanza kuipoteza furaha hiyo hata kabla ya mvua za vuli. Mavuno yaliyoonekana kuwa mengi huanza kutoa vumbi, kila gunia linaposogezwa huacha rundo la unga sakafuni, na mama wa nyumba hujikuta akipepeta nusu siku ili apate debe moja la kupeleka mashineni. Tathmini hii inahusu kifaa ambacho kwetu kimeizuia hasara hiyo, yaani mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, ambao wauzaji wa pembejeo na maafisa ugani wengi huuita mfuko wa kinga njaa. Tumeutumia kwa misimu kadhaa, kwa mahindi ya chakula na ya kuuza, kwa maharage, mbaazi na mbegu, na hukumu yangu ni kwamba unastahili bei yake katika nyumba inayokausha nafaka ipasavyo, na kwamba katika nyumba isiyokausha ni afadhali fedha hiyo itumike kununulia turubai.

Ili thamani ya mfuko huu ieleweke, ni lazima kwanza tumtaje adui yake. Fukusi tulikuwa naye tangu zamani, na wazee wetu walijua namna ya kuishi naye: walihifadhi mahindi yakiwa na maganda kwenye dari juu ya jiko ili moshi uyafikie, walichanganya majivu au majani ya mwarobaini, na hasara iliyobaki waliivumilia. Dumuzi ni jambo jingine. Mdudu huyu, ambaye wakulima wengi wa Tanzania humwita Skania, asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na alianza kuonekana kwetu mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasambaa pamoja na magari ya mahindi hadi karibu kila eneo linalolima zao hilo. Hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, hutoboa mihogo mikavu, hutoboa hata nguzo za kihenge, na penye dumuzi wengi punje hubaki kuwa maganda matupu yaliyojaa unga. Moshi na majivu havikumtosha, ndipo wakulima wakaelekezwa kupukuchua mapema na kuchanganya dawa ya unga. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini inataka kipimo sahihi, inataka kurudiwa msimu ukiwa mrefu, na kwa miaka mingi mama mkwe wangu hakukubali wajukuu wake wasagiwe dona kwa mahindi yaliyotiwa dawa, hata muda ulioandikwa kwenye pakiti ulipokuwa umepita.

Mfuko wenyewe ni rahisi kuueleza. Nje kuna mfuko wa kawaida wa salfeti, ule uliofumwa, na ndani yake kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ukiwa ndani ya mwingine. Ule wa ukubwa wa kawaida hubeba kilo 100. Asili ya teknolojia hii ni utafiti ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Kamerun, ambako mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake walitafuta njia ya kuwasaidia wakulima wadogo kuhifadhi kunde bila dawa. Ndiyo sababu mifuko ya aina hii hujulikana pia kwa kifupi cha PICS, yaani Purdue Improved Crop Storage, uhifadhi wa mazao ulioboreshwa wa Purdue. Siku hizi viwanda mbalimbali hutengeneza mifuko inayofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na tathmini yangu ni ya aina hii ya mfuko kwa ujumla, wala si ya kiwanda kimoja.

Kinachonivutia ni kwamba mfuko hauui kwa sumu. Wadudu waliofungiwa ndani huendelea kupumua na kuitumia oksijeni iliyobaki katikati ya punje, na kwa kuwa hewa mpya haiingii, oksijeni hushuka mpaka wanaacha kula. Mdudu anayeishi ndani ya nafaka kavu hana mahali pa kunywa maji. Hujitengenezea maji mwilini kwa kutumia chakula chake pamoja na oksijeni, kwa hiyo oksijeni inapopungua huacha kula na kukosa maji, akadumaa, akaacha kuzaa na hatimaye akakauka. Mkulima anayelijua jambo hili hahitaji kukumbushwa masharti ya matumizi, kwa sababu anaona mwenyewe kwamba tundu dogo, fundo lililolegea au tabia ya kuufungua mfuko kila baada ya siku mbili huwarudishia wadudu uhai.

Sharti kubwa kuliko yote ni ukavu wa nafaka, na hapa sitaki kupunguza maneno. Mfuko usiopitisha hewa haupitishi unyevu pia. Mahindi yaliyoingia mabichi hayatakauka humo. Yatapata joto, yatavunda na kuota ukungu, na baadhi ya ukungu huo huzalisha sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mkoa wetu wa Manyara na jirani zetu wa Dodoma tunalijua jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa hii kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Na Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 katika mlipuko ulioathiri zaidi Makueni na Kitui. Jirani yetu mmoja alifunga mahindi yake haraka kwa kuhofia wezi, na alipofungua mfuko mwezi wa Desemba harufu ilitosha kumweleza yaliyotokea; hata kuku hakuwapa, na alifanya vyema.

Kiwango kinachoshauriwa kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13 au 13.5. Familia nyingi hazina kipima unyevu, lakini chupa ya kioo na chumvi kavu vinasaidia sana: unatia mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa kavu, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, unafunga na kutikisa kwa nguvu, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yanapaswa kurudi juani. Isipoganda, umekaribia, na kwa mfuko huu mimi huongeza siku nyingine ya jua kali juu ya turubai. Chumvi lazima iwe kavu, la sivyo jaribio litadanganya. Kazi hii ya kuanika na kuanua huchosha, hasa jioni ambapo umande unakuja na kila mtu ameshikwa na njaa, lakini kwetu imekuwa kazi ya watoto wakubwa, na binti yetu wa darasa la sita ndiye anayetunza chupa ya chumvi na kutoa ruhusa ya kufunga. Hakuna mtu mzima nyumbani anayethubutu kumpinga.

Ufungaji wenyewe unahitaji watu wawili na subira. Kila mfuko wa ndani hukaguliwa kwanza kwa kuujaza hewa na kuubana mdomo, ukisikiliza kama kuna mahali unapovuja. Mahindi hupepetwa vizuri, kwa kuwa vipande vya magunzi vyenye ncha hutoboa nailoni. Humiminwa kidogo kidogo huku mfuko ukitikiswa ili yashindiliwe na hewa itoke, na juu huachwa nafasi ya kutosha kufungia. Shingo ya mfuko wa ndani kabisa husokotwa mpaka ikaze kama kamba, hukunjwa mara mbili na kufungwa kwa mpira au kamba imara. Kisha hufuata wa pili, na mwisho salfeti ya nje. Mwanamke akiwa peke yake atapata shida na ujazo wa kilo 100, na hili ni kosa la kweli la bidhaa hii: ukubwa wake ulifikiriwa kwa ajili ya gunia la sokoni, si kwa mikono ya mtu atakayelisogeza. Mifuko ya kilo 50 ipo, lakini katika maduka ya kwetu haipatikani mara kwa mara.

Faida yake huonekana miezi ya Januari na Februari, wakati ambapo zamani nyumba yetu ilikuwa inanunua mahindi yale yale ambayo ilikuwa imeyauza kwa bei ya kutupa. Mfuko hufunguliwa, na punje hutoka zikiwa na rangi ile ile, nzito, bila vumbi, na wadudu wachache waliokufa chini. Tunasaga dona bila wasiwasi. Maharage, ambayo tulizoea kuyakuta yana matundu, hubaki mazima na huiva vizuri. Mbegu za maharage tulizozihifadhi namna hii ziliota shambani kwa wingi uliomfurahisha mama mkwe wangu, mtu ambaye hutoa sifa kwa nadra, na tangu hapo amehamishia humo mbegu zake za mbaazi, ambazo hakuwahi kumkabidhi mtu yeyote. Kwa kiasi kidogo cha mbegu, hata hivyo, dumu safi la lita 20 lililojazwa hadi mdomoni na kufungwa kwa nguvu hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama mpya.

Kuhusu fedha, mfuko mmoja tuliununua kwa shilingi 5,000, bei ambayo ni mara kadhaa ya salfeti ya kawaida. Ukitunzwa bila kutoboka hutumika hadi misimu mitatu, na gharama ya dawa haipo tena, kwa hiyo hesabu ya chakula cha nyumbani haina mjadala. Hesabu ya biashara ndiyo inayohitaji tahadhari. Wauzaji hupenda kusema kwamba mfuko utakupa bei nzuri, ilhali unachokupa ni muda wa kuisubiri. Mwaka 2017 serikali ilipozuia kusafirisha mahindi nje ya nchi, waliohifadhi waliona bei ikishuka. Na Machi 2021 Kenya iliposimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wafanyabiashara walikwama mpakani, ingawa katazo lile liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti. Kwa hiyo sisi huuza sehemu ya mavuno mapema kwa ajili ya ada na madeni, na kinachobaki ndicho tunachokihifadhi kwa bei ya baadaye. Familia isiyo na akiba yoyote italazimika kuuza mwezi wa Agosti hata ikiwa na mifuko mizuri kiasi gani, na nasikitika kwamba mafunzo mengi huliruka jambo hili.

Panya ni tatizo jingine. Mfuko hauwazuii, hutafuna kona, na kona ikishatafunwa hewa huingia na kazi yote hupotea. Tumeweka mifuko juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, tukaondoa vyombo na matambara yaliyokuwa yakiwapa maficho, na paka wetu amepata heshima mpya, lakini bado tulipoteza mfuko mmoja uliokuwa nyuma ya mingine ambako haukuonekana kwa urahisi. Dumuzi naye, akiingia na mahindi kwa wingi kutoka shambani, anaweza kutoboa nailoni kutokea ndani kabla oksijeni haijamlegeza. Kwa sababu hiyo kuchelewesha mavuno shambani ni hatari, na mfuko wa pili wa ndani si pambo: ukitoboka mmoja, mwingine mara nyingi huokoa mzigo.

Kilichotukera zaidi ni bidhaa ya bandia. Katika mnada mmoja wa wilayani tuliuziwa mifuko iliyofanana kabisa na ya kweli kwa nje, na tulipoikagua nyumbani tukakuta nailoni moja tu, nyembamba kama ya kufungia mboga. Mchuuzi alikuwa amekwisha kuondoka. Mnunuzi aufungue mfuko palepale mbele ya muuzaji, ahesabu nailoni mbili zilizo kamili na zinazojitegemea, azipapase kama ni nzito, atazame chapa na maelekezo yaliyochapishwa kwenye salfeti, na adai risiti kutoka duka la pembejeo lenye anwani inayojulikana.

Jambo moja ningependa watengenezaji walifanyie kazi. Kinachochakaa ni nailoni za ndani. Salfeti ya nje ya msimu wa kwanza kwetu bado ni nzima na ingeweza kutumika tena. Maduka niliyoyatembelea hayauzi nailoni hizo peke yake, hivyo tunalazimika kulipia mfuko mzima kwa sababu ya tundu moja la panya. Zikiuzwa jozi kwa jozi, kwa ukubwa wa kilo 50 na wa kilo 100, nyumba nyingi zaidi za hapa zitaweza kuhifadhi mavuno yao yote badala ya magunia mawili matatu, na mimi nitakuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza.