Mti wa Kivuli Uani: Kagua Kiriba Kabla ya Majani

Mwaka 2019 nilinunua kando ya barabara, hapa Dar es Salaam, mche wa mti wa mwavuli uliokwisha kunizidi kimo, nikaupanda hatua chache kutoka ukutani. Masika ya mwaka wa tano upepo uliulaza juu ya ukuta huo, na tulipofukua shina tulikuta mizizi imejizungusha kwa umbo lile lile la kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, upana wa kikombe, huku mzizi mkuu umepinda kama ndoana.

Tangu hapo uzuri wa kivuli siuulizi kwanza, maana huo kila mnunuzi anauona. Namwomba muuzaji ainue kiriba niutazame upande wa chini. Mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, mche huo umekaa kitaluni kupita muda wake. Na kiriba kikiwa kigumu kama jiwe ukikibonyeza, ujue mizizi imekwisha kusokotana ndani. Mche ninaoutaka haufiki gotini, na shina lake ni nene.

Nafasi ya kwanza naipa mwarobaini, kwa kuwa hustahimili kiangazi na majani yake madogo hufagilika bila taabu. Waziwazi napendelea miche ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), wenye kituo cha mbegu za miti Morogoro, kwa sababu napenda kujua mbegu imetoka wapi. Wa pili ni mwavuli, mti wa asili ya Madagaska ambao matawi yake hujipanga ghorofa kwa ghorofa. Ule wangu ulianguka kwa kosa la kitalu, si la mti. Mkungu ni wa tatu: kivuli chake ni kipana na watoto hupata kungu, lakini majani yake makubwa hugeuka mekundu, yakapukutika na kuziba mifereji ya paa. Mwashoki ni pambo la uzio, hauna kivuli cha kutandika mkeka. Mjohoro ni wa bei nafuu. Upandwe mbali na nyumba.

Kinachoniudhi ni bei kupangwa kwa urefu, kana kwamba mnunuzi anapimiwa kitambaa, ilhali urefu huo ndani ya kiriba kidogo ndio dalili ya ubovu. Juzi nilimwomba muuzaji apasue kiriba nione mizizi, akajibu kwamba anayepasua amenunua. Nililipa, nikakipasua pale pale, nikahesabu mizunguko mitatu.