TAHADHARI: Anayeuza "kifurushi cha mpaka" kwa wanaokwenda Victoria Falls kwa pikipiki

Wakuu, kama una mpango wa kuvuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia kwa pikipiki kwenda kuona Maporomoko ya Victoria, soma hapa kabla hujamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya waendesha pikipiki akiuza anachokiita kifurushi cha mpaka. Maneno matamu, picha za pikipiki kubwa zimepaki darajani, na ahadi kwamba wewe kazi yako ni kuwasha tu, makaratasi yote juu yake. Bei ni laki nne na nusu kwa pikipiki moja, unalipa yote kwa simu kabla ya safari. Ndani kuna bima ya COMESA (ile kadi ya njano ya kutumia chombo nchi za jirani), kibali cha pikipiki cha Zambia, kingine cha Zimbabwe, viza ya KAZA na tiketi za maporomoko pande zote mbili. Wenzetu wawili tuliosafiri nao walilipia. Bahasha wakaletewa, safi kabisa, karatasi zina mihuri ya rangi na alama za kuskani kwa simu. Hakuna hata moja iliyofanya kazi.

Nianze na viza, maana hiyo peke yake inatosha kumuumbua. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia wala Zimbabwe. Unagongewa muhuri kwenye pasipoti, unaandikiwa siku zako, basi. Viza ya KAZA ipo kweli, ni dola 50, inamruhusu mgeni kuingia na kutoka kati ya nchi hizo mbili kwa siku 30, lakini ni ya raia wa nchi zinazodaiwa viza, na anayeitoa ni uhamiaji. Huyu bwana anawauzia Watanzania. Ni sawa na kumuuzia mtu mwavuli akiwa amekaa sebuleni kwake.

Bima ndiyo ya hatari zaidi. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini bado imo kwenye mpango wa hiyo kadi ya njano, kwa hiyo unaweza kuipata hapa hapa nyumbani kwa kampuni ya bima halali, juu ya bima uliyonayo. Kadi halisi ina namba ya usajili, namba ya chasisi, tarehe ya kuanza na kuisha, na orodha ya nchi inakofanya kazi. Nchi ambazo hujalipia zinakatwa kwa mstari. Kadi za wenzetu zilikuwa na hayo yote ukiziangalia juu juu. Pale mpakani, dada wa dirisha la bima akaziweka mbili pamoja juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye namba ya kadi ya kwanza, kisha kwenye namba ya kadi ya pili. Namba ileile, pikipiki mbili tofauti. Kwenye moja, chasisi ilikuwa na herufi O mahali pa sifuri. Hakusema neno, akazisukuma zirudi kwa wenyewe.

Sasa fikiria wangepita nazo halafu wamgonge mtu njiani. Kutoka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, mpaka Lusaka ni kama kilomita 1,000, malori usiku na mchana, na kutoka Lusaka mpaka Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na maporomoko, bado kuna karibu 480. Ajali ya huko na kadi feki mfukoni, mwenye kesi ni wewe. Muuzaji atakuwa ameshabadilisha laini.

Kuhusu kibali cha chombo: anayekitoa ni forodha wa nchi unayoingia, kwa jina lako, baada ya kulinganisha kadi ya pikipiki na chasisi na injini. Hata ukijaza maombi mapema mtandaoni, unajaza kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, na ofisa anayaona kwenye kompyuta yake. Asipoyaona, ulichoshika ni karatasi tu. Kama pikipiki haiko kwa jina lako, beba barua ya mwenyewe. Kama ina mkopo, ya benki. Hilo muuzaji hakulitaja popote, na ndilo linalokwamisha watu kweli.

Wenzetu walibahatika, ofisa aliwaambia waanze upya. Wakalipa mara ya pili: bima, tozo ya hewa ukaa, ada ya barabara, tozo ya halmashauri. Kila kitu dirishani, kila kitu na risiti.

Huyo jamaa ana pia "mtu wake" pale mpakani. Ni kishoka aliyevaa reflekta, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeuzwa nyuma. Kazi yake ni kukukimbiza. Atakwambia Zambia wanafunga sasa hivi, toa hela nikuwahishie. Zambia wako nyuma yetu saa moja: Tunduma ikiwa saa sita mchana, kwao ni saa tano. Na pale ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja upande unaoingia, unatoka dirisha hili unakwenda lile kwa miguu yako. Hakuna cha kuwahishiwa.

Huyo huyo atakubadilishia hela. Zambia waliondoa sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, kwa hiyo noti yoyote ya kwacha yenye maelfu ni ya kumbukumbu. Wakikupa, warudishie. Upande wa Zimbabwe ni vilevile na zile noti za matrilioni. Hela yao tangu Aprili 2024 ni ZiG, na dola za Marekani zinapokelewa.

Tiketi za maporomoko zinakatwa getini. Zimbabwe wana bei ya chini kwa raia wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo, kwa hiyo toa pasipoti kabla hujalipa. Ukitaka tu kusimama kwenye lile daraja la mwaka 1905 linalounganisha Zambia na Zimbabwe, uhamiaji wanakupa kikaratasi cha kwenda na kurudi, na ni bure. Wanaokuuzia nje wanakuibia. Ushauri wangu: pikipiki iache Livingstone, vuka kwa miguu. Ukivuka nayo unaanza kibali kipya, bima na ada za Zimbabwe kwa ajili ya masaa machache.

Na akitokea mtu akasema atakupeleka Devil's Pool, lile bwawa la kuogelea lililo ukingoni kabisa mwa maporomoko, kwa bei poa kwa kupita juu ya miamba, achana naye kabisa. Kule ni kwa msimu wa maji machache na kwa kampuni yenye kibali tu. Maporomoko yale yana urefu wa mita 108 kwenda chini.

Nasikia kuna wengine wameshalipia safari ya mwezi ujao. Pigeni mtandao wenu wa simu leo muombe muamala uzuiwe, tumeni ujumbe wake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, hifadhini mazungumzo yote kisha mfungue jalada polisi. Namba mpya anayotumia sasa ina picha ya mtu mwingine kabisa, lakini tangazo ni lilelile, mpaka makosa ya herufi.