Garmin Xero C1 Pro na baridi ya Minnesota: tazama baruti inavyopungua nguvu

Haya wadau, karibuni tena. Leo niko uwanja wa shabaha hapa Minnesota, na baridi mnaiona wenyewe, mvuke unanitoka mdomoni. Hiki mkononi ni Garmin Xero C1 Pro, rada ya kupima mwendo wa risasi. Inaenea kiganjani. Betri, skrini, programu ya simu, hayo mmeshayasikia, nayaruka.

Ninachotaka muone ni namba hii hapa: pawa fakta. Risasi zangu za milimita 9 najaza mwenyewe nyumbani, kichwa cha risasi chenye uzito wa greni 147 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Kwenye mashindano ya USPSA, chama cha upigaji shabaha kwa bastola Marekani, wanazidisha uzito huo wa greni kwa mwendo wa futi kwa sekunde, wanagawa kwa 1,000, na lazima ufikishe 125. Ukipungukiwa, unapiga bila kupewa alama. Siku nzima bure!

Sasa tazameni. Hizi za kwanza zilikuwa mfukoni mwa koti, zina joto la mwili. Napiga... 872. Pawa fakta 128.2, safi kabisa. Tena... 869. Sawa. Hizi nyingine zimelala garini tangu jana usiku. Baruti ya kopo lile lile, mizani ile ile, nimezijaza siku moja. Napiga... 846! Ngojeni nisogeze kamera. Mmeona? 124.4. Hapo nimeshaanguka, na mkononi sikuhisi tofauti yoyote!

Baruti ikipoa inaungua taratibu, presha ndani ya ganda inashuka. Ikipata joto mambo yanageuka, na huko ndiko ninakokuogopa zaidi. Mtu anajaza Januari mpaka kikomo cha juu cha kitabu cha vipimo vya baruti, halafu Julai anaziacha juu ya dashibodi juani. Presha inaweza kupita kiwango cha bastola. Jamani, msifanye hivyo. Zipo baruti zinazosifiwa kwa kutoyumba na hali ya hewa, ila nyingi ni za bunduki ndefu.

Nikiilinganisha na vipima mwendo vingine: LabRadar ya kwanza, lile bamba la rangi ya chungwa, nayo ni rada, lakini ni kubwa na lazima uilenge vizuri. Vile vya macho, ambavyo unapitisha risasi juu yake, vinategemea mwanga, wingu likipita namba zinaruka.

Bei sasa. Ilipotoka ilikuwa kama dola 600. Video iliyopita nilisema ni ghali mno. Leo nabadilisha kauli: kama unashindana, nunua. Kama unapiga makopo wikendi tu, azima ya rafiki.

Mlioko Nairobi na Dar mnaoniuliza kuhusu kujaza risasi: sheria za huko si za huku, anzeni na wanaotoa leseni.

Kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi. Na hizi kumi zilizobaki naziwekea alama ya kalamu nyekundu, nitazipiga Julai hapa hapa, kwa bastola hii hii.