Kitanda cha mtoto cha ubavuni: cha dukani cha laki 3 na 20 dhidi ya cha fundi wa Keko

Mimba ikiwa ya wiki 34 ndo nilienda Kariakoo kutafuta kitanda kidogo cha mtoto, kile cha kuegesha ubavuni mwa kitanda cha mama. Mtoto wa kwanza tulilala naye katikati yetu kama walivyolala watoto wote wa ukoo wetu, na usiku mmoja nikashtuka saa nane nikakuta shuka la baba yake limemfunika uso mzima, mtoto ana mwezi na siku kadhaa tu, hana uwezo wa kulitoa. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu, ila sikulala tena mpaka adhana ya alfajiri. Nikaapa wa pili atakuwa na sehemu yake, lakini iwe pale pale nikinyoosha mkono namfikia, maana nilijua najifungua kwa oparesheni tena, na mwenye mshono anajua, wiki zile za mwanzo kuinuka kumfuata mtoto upande wa pili wa chumba ni kazi ya machozi.

Nesi wa kliniki naye alishanambia hivyo hivyo, mtoto alale chumba kimoja na mama ila asilale godoro moja na watu wazima. Baadae nikasoma kwamba madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2022 wanasema hivyo pia, angalau miezi 6 ya mwanzo, alale chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto bila blanketi bila midoli. Hayo mengine mengi mnayajua. Nnachotaka kuandika hapa ni kile ambacho muuzaji hakunambia na mimi sikujua kuuliza.

Duka lenyewe silitaji, walinihudumia vizuri. Kijana akaniita mama kijacho, akanipa kiti na maji, akanitolea kitanda cha bomba za chuma chenye pande za neti, miguu inapanda na kushuka kwa vidato sita, magurudumu mawili yana breki, upande mmoja una zipu unaushusha wote mpaka chini mtoto anakuwa kama yuko kitandani kwako. Laki 3 na 20 pamoja na bajaji mpaka Tabata. Neti zile nilizipenda sana kwakweli, kwa joto letu la Januari na umeme ukikatika, mtoto akilala kwenye kitanda cha pande za mbao tupu au zile zilizoshonewa sponji anatoka jasho mpaka shingo inatoa vipele, hapa hewa inapita kila upande na wewe ukiwa umelala unamwona kifua kinavyopanda na kushuka.

Kasoro ya kwanza niliiona siku ile ile, nayo ni godoro. Ukilibonyeza kwa kiganja linabaki na shimo, linarudi taratibu kama andazi lililoumuka. Godoro la mtoto mchanga linatakiwa ukibonyeza ukiachia lirudi hapo hapo, maana akigeuza uso asizame akakosa hewa. Lakini hilo sikulihangaikia sana, niliona nitatafuta sponji ngumu nikate saizi yake.

Kasoro ya pili ndo iliyonifanya niandike. Kitanda chetu ni cha mninga, tulichongewa wakati tunaoana, na kama vitanda vyetu vingi vya kuchonga kina ubao mnene wa ubavuni, chaga zimelala kwa ndani, godoro limekaa ndani ya boksi la mbao. Vitanda hivi vya dukani vimetengenezewa vitanda vya wenzetu ambavyo godoro linafika mpaka ukingoni kabisa. Sasa ukiegesha kwenye kitanda kama changu, kati ya godoro langu na godoro la mtoto kuna unene wa ule ubao, ukaongeza na unene wa bomba ya kitanda chenyewe, nikapima kwa vidole, vikaingia vinne vimelala. Mwanya wa vidole vinne, na chini yake ni mtaro. Mikanda ya kufungia walikuwa wameweka, nikaipitisha chini ya godoro nikaifunga kwenye chaga za upande wa pili nikavuta mpaka mkono ukauma, mwanya uko pale pale, maana mkanda unavuta kitanda kifike kwenye ubao, hauwezi kuutoa ubao.

Mume wangu akasema si tutaweka blanketi tulikunje tulijaze hapo. Nikachukua mfuko wa unga wa kilo 2 nikauzungushia kanga kama ninavyomfunga mtoto, nikauweka kwenye kile kitanda kidogo ukingoni, nikajaza blanketi kwenye mwanya, afu nikamwambia alale pale kwangu ajigeuze kama anavyojigeuza usiku. Mara ya tatu tu anajigeuza blanketi likashuka kwenye mtaro, mfuko ukaserereka ukaingia na kona ya juu, ukakwama hapo umeinamia chini. Hatukusemezana kitu. Ye mwenyewe ndo aliunyanyua ule mfuko taratibu kwa mikono miwili, akaenda kufungua mikanda.

Kwaio kama hujanunua, kabla hujatoka nyumbani chukua futi kamba, pima kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro lako ukiwa umelikalia, afu pima kutoka ukingo wa godoro mpaka nje ya ubao. Namba ya kwanza inakwambia kama miguu ya kile kitanda itafika (changu kilikuwa sentimita 58 na cha dukani kidato cha mwisho kilifika, wengine wenye magodoro ya inchi 10 hakifiki, na kukiinua kwa matofali au vipande vya mbao usithubutu). Namba ya pili ikizidi upana wa kidole kimoja, vile vya kushusha upande wote achana navyo kabisa kwa kitanda hicho. Na hata kama kitanda chako ni cha godoro kufika mwisho, tafuta kile ambacho ukishusha upande kinabakiza ukingo mdogo. Wazungu walishabadilisha kiwango chao cha Ulaya cha vitanda hivi mwaka 2019, EN 1130, na ule ukingo wa kubaki umo, kwaio muulize muuzaji na usome kilichoandikwa kwenye boksi.

Dukani hawakukubali kurudishiwa, walisema ukishafungua boksi basi. Nilikasirika siku ile ila nikakiuza kwa jirani yangu kwa laki 2 na nusu, ye ana kitanda cha kisasa, godoro limefika ukingoni, tukapima wote, kimekaa kama kimezaliwa nacho, akaagiza na godoro gumu, na mtoto wake kalala humo vizuri tu.

Mi nikaenda Keko. Fundi nilimkuta anachonga makabati, nikamwonyesha picha, akasema hii ndogo sana sista, kesho kutwa njoo uchukue. Nikamwambia hapana fundi, twende kwanza ukione kitanda, na nikamlipia nauli. Alipofika akachuchumaa pale ubavuni akapitisha kidole kwenye ule mtaro, akanyamaza kidogo, afu akasema dawa yake hapa ni kukipandisha juu ya ubao. Yaani sakafu ya kitanda cha mtoto isiishie nje ya ubao, ipite juu yake ije mpaka iguse godoro letu. Nikafurahi sana maana ndo kitu nilichokuwa nakitafuta na sikuwa na maneno yake. Akapima unene wa ubao, akapima godoro letu mimi nikiwa nimelikalia, akaandika kwenye kipande cha boksi.

Masharti niliyompa yalikuwa haya. Upande wa kwangu abakize ukingo wa sentimita 12, mtoto asibingirike kuja kwangu na mimi nisimwangukie, na mkono wangu unapita juu bila shida. Fito za pande nyingine zisiachane zaidi ya sentimita 6, kwa sababu zikiachana zaidi mwili wa mtoto unaweza kupita kichwa kikabaki, njia rahisi ni kopo la soda, likipita katikati ya fito hicho kitanda hakifai. Hakuna upande wa kupanda na kushuka, kila kitu kikazwe kwa bolti. Hili la upande wa kushuka Marekani walipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vya fito vya hivyo tangu 2011 kwa sababu vyuma vyake vinachakaa upande unaachia, na vilivyoondolewa kule ndo vinaweza kutufikia huku kwenye mitumba, muwe makini. Halafu pembe zote zipigwe msasa, na vanishi ipakwe mapema kitanda kikae nje. Hapo kwenye vanishi tulivutana, ye alitaka kunipa siku ya tatu, nikamwachia kivulini kwake wiki mbili na kilipokuja bado nikakiweka barazani siku tano mpaka nikiinama kunusa sisikii kitu.

Alinitoza laki 1 na 90, sponji ngumu ya inchi 2 ikiwa juu, na bado nikakifunga na mkanda kwenye chaga ingawa kimepanda juu ya ubao, kwa sababu watu wanasukuma wakifagia. Godoro likaenea pande zote, kidole kimoja kinaingia kwa taabu. Doti moja ya kanga nikampelekea fundi cherehani akaweka lastiki pembe nne, nikapata mashuka mawili yanayokaza hayavutiki, mpira wa plastiki upo chini ya shuka siyo juu.

Kwa upande wa matumizi, siku ya kwanza kutoka hospitali nilielewa hela yangu imeenda wapi. Saa tisa usiku mtoto analia, nalala ubavu, namshika chini ya shingo na makalio namleta, ananyonya, namcheulisha, namrudisha chali, sijakunja tumbo hata mara moja. Nesi alinionya kitu kimoja nakipitisha kwenu, kama usingizi unakuzidi wakati unanyonyesha afadhali uwe kitandani umeondoa mito na shuka nzito kuliko kukaa kwenye sofa, sofa ndo mbaya zaidi, mtoto anateleza kwenye ile kona. Ukishtuka tu mrudishe kwake.

Kilichonisumbua ni chandarua. Cha kliniki kilikuwa cha saizi ya kitanda chetu tu, nikikivuta kifunike na cha mtoto kinamgusa, na mbu anauma kupitia neti kama ngozi imeigusa, asubuhi nikakuta vidoti vitatu mkononi kwake. Ikabidi ninunue kikubwa cha pembe nne, misumari tukaihamisha ukutani ili kikae kwa mapana, kimekaza, upande wa mtoto kinashuka mbali na fito mpaka sakafuni na pindo nimelibana na ubao mrefu. Pangeni hela ya hicho kwenye bajeti, mimi sikuipanga. Vile vya mwamvuli vyenye kigodoro laini na mto wake ndani nilizawadiwa viwili, nimetumia neti yake tu mchana, kigodoro na mto vimekaa kabatini.

Mto mwingine ulikuja kwa njia nyingine. Mama mkwe alifika kutoka Tanga siku ya nne, kabeba kimto cha sufi kakishona kwa mkono wake, cha kumuundia mjukuu kichwa. Nikamwamkia, nikakipokea kwa mikono miwili, nikamwambia, mama, kliniki wamekataza asilalie mto mpaka atimize mwaka, ila mimi mkono unanifa ganzi nikimnyonyesha, naomba kiwe changu. Akacheka, akasema haya mwanangu, bora kifanye kazi. Kila usiku kimekaa chini ya kiwiko changu. Alichokisifu mwenyewe baada ya wiki ni kile kitanda, akawa anawaambia wageni, mtoto yuko na mama yake na hayuko kwenye godoro lao.

Kitu kingine, kuna vile vya mteremko, mtoto anakaa kama amejiegemeza, wanasema vinapunguza kucheua. Msivichukue kwa kulalia hata mkipewa bure. Kampuni ya Fisher-Price waliita vitanda vyao vya hivyo, Rock 'n Play, virudi Aprili 2019, karibu milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto, na 2022 Marekani wakapitisha sheria ya kuvipiga marufuku pamoja na zile bampa za sponji za kuzungushia kitanda. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito, kikiinama kidevu kinagusa kifua njia ya hewa inaziba bila kelele.

Cha fundi kina ubaya wake nao, niuseme. Hakikunjiki, ukienda kijijini kinabaki, na kimechongewa kitanda changu tu, ukihama au ukibadilisha godoro inabidi upime upya. Cha dukani unakunja unaweka kwenye begi lake. Kama kitanda chako kinakiruhusu chukua cha dukani, badilisha godoro.

Tulikitumia miezi mitano na wiki moja. Siku niliyomkuta amejipindua kalalia tumbo anasukuma kwa mikono kichwa kiko juu ya ule ukingo, usiku huo huo alihamia kwenye kitanda kikubwa cha fito ndefu, chumba kile kile. Sasa hivi kiko stoo, wifi yangu anatarajia mwezi wa kumi na amekiomba. Kitanda chao ni cha mkongo, ubao wake mnene kuliko wangu, kwaio Jumamosi naenda na futi kamba na yule fundi wa Keko, na mfuko wa unga.